Lindo la Bi Tausi

Tangu Zena anipigie simu juzi Alhamisi, sikai nikatulia. Nikikaa nainuka, nikiinuka nasahau nimeinukia nini. "Shoga yangu, mama ametutoka," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya msichana niliyemwacha Tabora zaidi ya miaka hamsini iliyopita. "Tumemzika jana baada ya adhuhuri." Nikasema inna lillahi. Nikauliza aliugua nini, nikauliza nani alimuosha, nikauliza kama kulinyesha, maswali yote ambayo mzee mwenzangu angeuliza, ila jambo moja sikuligusa, naye kwa adabu zake hakuligusa. Jambo lenyewe liko humu chumbani kwangu Mombasa, pembeni mwa kabati, nimelifunika kanga. Ni lindo, yaani sanduku la duara la gamba la mti, kimo chake mpaka gotini, limeshonwa kwa nyuzi za magome na kifuniko chake kimekaa upande. Wageni hudhani ni ngoma. Tangu juzi nimelitoa pembeni nikaliweka mlangoni, nikalirudisha, nikalitoa tena, na mgongo wangu huu mnaujua.

Tabora nilikwenda nikiwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha. Wakati ule reli ilikuwa moja kwa nchi zetu, na karani wa reli kama mimi akiandikiwa uhamisho hakuulizwa anapenda au hapendi. Sisi watu wa Mombasa tuna ugonjwa wa kudhani dunia inaishia Mazeras, pale nje kidogo ya mji, basi shoga zangu wawili, Rukia na Saida, walinisindikiza stesheni wakilia utadhani napelekwa kufungwa. "Bara, Maimuna! Utakula nini huko?" Neno hilo liliniuma njia nzima. Nilipofika nikaanza kuwaandikia barua za majigambo: nimepata nyumba nzima, ina ua mkubwa, ndani nimeipamba vitu vya kienyeji ambavyo Mombasa hawavioni hata kwa dawa. Uongo mtupu. Nilikuwa na chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Cheyo, kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi, na sanduku langu la bati lililoandikwa jina langu kwa rangi nyeupe. Kila jioni nilisikia treni inapiga honi, nami moyo unaruka, nataka kuipanda, hata kama ni ya mizigo.

Mwenye nyumba alikuwa Bi Tausi, mjane msusi wa mikeka, mwembamba, mwenye macho yasiyokosa kitu. Akina mama wa mtaani waliokwenda kujifungua hospitali ya Kitete hawakwenda bila mkeka wake. Aliishi na binti yake Zena, rika langu. Wiki ya kwanza alinikuta uani napuliza moto chini ya kisufuria changu kidogo akasimama akaniangalia. "Mtu mmoja hapiki, mwanangu, anachezea moto tu," akasema, akanishika mkono akanikalisha kwenye sinia lao. Tangu siku hiyo tukawa watatu sinia moja. Ugali wa mtama niliuzoea upesi, lakini mlenda ulinitesa mwezi mzima, nikiuchovya unanifuata mpaka kidevuni, na Zena anacheka mpaka anajishika mbavu. Chumbani kwa Bi Tausi, miguuni pa kitanda, lilikaa lindo. Kaka yake, Mjomba Ramadhani, mrina asali wa kule Tura, ndiye aliyelitengeneza. Humo aliweka mbegu, na katika nyumba ile lilikuwa na kazi nyingine: binti akiolewa hutoka na nguo zake ndani ya lindo, na siku ya saba upande wa bwana harusi hulirudisha limejaa mtama. Zena alikuwa ameshachumbiwa. Arusi ilikuwa baada ya mavuno.

Mvua za kwanza zilipoanguka, ikaja barua: Rukia na Saida wamepata likizo, wanakuja kunitazama. Mimi nikapigwa na baridi. Nikaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi kuandikisha wageni kutoka Kenya, naye akaniuliza, kalamu mkononi, "Wanakuja kufanya nini?" Nikamwambia, kunitazama. "Wakutazame una nini?" Nikarudi mbio, nikazunguka majirani nikiazima: vigoda viwili vya miguu mitatu kwa Mama Kasimu, kibuyu chenye shanga, ungo mpya, na kwa Bi Tausi mikeka mitatu ya rangi. Bi Tausi akanitazama ninavyohangaika, akaniuliza, "Wanakuja kukuona wewe au kuona vyombo?" Nikacheka, nikajitia sikusikia. Mwisho nikamwomba na lindo. Akamimina mbegu kwenye gunia, akalifuta kwa kanga yake mwenyewe, akanisaidia kulipanga karibu na dirisha.

Nisiseme uongo mwingine, wiki ile ilikuwa tamu. Bi Tausi aliwapokea utadhani ni wanawe. Walipika pamoja uani, uyoga wa mvua ndani ya karanga, na Saida akawafundisha kukuna nazi ambayo walikuja nayo wenyewe kutoka Mombasa, maana walidhani watakufa njaa. Siku ya tatu kumbikumbi walitoka baada ya mvua, watu wa mtaa mzima wakawa wanakimbia na mabeseni, na Zena akaleta kikaango kimejaa. Rukia akapiga kelele, "Mnakula wadudu!" Bi Tausi akamwambia kwa upole, "Na ninyi mnakula pweza, nimesikia ana miguu minane." Rukia akaonja mmoja amefumba macho. Akaonja wa pili amefumbua. Mwisho ilibidi tumnyang'anye kikaango. Mchana mmoja Mama Kasimu akaingia kusalimia, akaona vigoda vyake, akakaa kimoja akakipapasa na kusema, "Kigoda changu, umenikumbuka?" Saida akanitazama. Nikasema haraka kwamba Mama Kasimu ana utani, na Mama Kasimu, Mungu amrehemu, akanistahi akacheka.

Lakini lindo ndilo lililompendeza Rukia kuliko vyote. Alikuwa anafanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya watalii, na jicho lake lilikuwa limeshafunzwa kutambua vitu ambavyo wageni hupenda. "La zamani hili?" akaniuliza. Kumbe ningesema kweli ningepungukiwa na nini? Nikamwambia ni la tangu enzi za misafara, limebebwa kichwani na mpagazi kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo na kurudi, nami nimelipata kwa bahati. Malindo ya namna ile kweli yalibebwa, babu zao walibeba nguo na vyakula vyao hivyo hivyo kwa miezi. Lile letu halikuwa na hata miaka mitano. Siku ya kuondoka, Bi Tausi akalijaza njugu, matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na chupa ya asali ya Tura, zawadi ya njiani. Akawaambia wote wawili, "Chombo kirudi, wanangu. Zena atakihitaji." Wakaitikia inshallah. Stesheni, tayari wamekaa behewani, Rukia akaniuliza kupitia dirishani, "Hili tulirudishe kwa njia gani?" Nikapunga mkono kama tajiri. "Kaa nalo bwana! Ninayo mengine mawili." Treni ikaondoka. Nilisimama pale mpaka ikapotea, nikajiambia nitamwandikia barua, atalirudisha, yatakwisha.

Niliandika. Jibu likaja mwezi wa pili, mvua inanyesha mchana kutwa, nami nikalisoma nimesimama nyuma ya kaunta ya vifurushi, maana hiyo ndiyo kazi yangu. "Mwenzangu umechelewa," aliandika Rukia. Meneja wake alikuwa amelitamani, akasimuliwa habari ya mpagazi na Bagamoyo, akazidi kushikwa na hamu. Rukia alikuwa anataka kupandishwa daraja. Akampa. Meneja akampa mgeni wake wa heshima, Mjerumani, naye ameshaondoka nalo kwa ndege. "Si una mengine mawili?" Nikaikunja ile barua mara nne nikaiingiza ndani ya kiatu. Siku hiyo nilitembea mpaka nyumbani nikiisikia chini ya unyayo.

Ninyi mtaniuliza kwa nini sikusema siku ile ile. Nimejiuliza maisha yangu yote. Nilikuwa nimeonja kuitwa mwanangu mahali ambapo sikuwa na mtu, na niliogopa kuacha kuitwa hivyo. Basi nikawa najiambia, kesho. Bi Tausi naye hakuwa na shaka hata chembe. Nani angekuwa na shaka? Kila kifurushi kinachotoka pwani kilipita mikononi mwangu. Kila siku ya treni nikirudi kazini alikuwa barazani na ukindu wake, ananiuliza bila kuinua kichwa, "Rafiki zako hawajatuma?" Nami najibu, "Bado, mama. Labda treni ijayo." Mwezi wa tatu ukapita hivyo, na wa nne. Ikafika mahali nikisikia honi ya treni mwili unanisisimka. Nilianza kuchelewa makusudi, nazunguka sokoni, napita njia za uchochoroni, nasimama kwenye foleni ya sukari ambayo sikuihitaji, almuradi nisipite barazani kabla hajaingia kusali. Kwenye sinia nilikula haraka nikainuka. Zena akaniuliza kama nina mimba.

Mvua zikakatika. Karanga zikang'olewa, mtama ukakatwa, upepo wa kiangazi ukaanza kuleta vumbi. Alasiri moja nilikuwa chumbani kwangu napiga pasi, na ukuta ule ulikuwa mwembamba, mtu akikohoa upande wa pili unamwambia pole. Shangazi yake bwana harusi alikuwa amekuja kupanga mambo, mwanamke wa sauti kubwa. Nikamsikia anasema, "Lindo mnasema mmeazimisha pwani? Bi Tausi, huyo mpangaji wako si amekudanganya? Watu wa reli hao, leo wapo kesho hawapo." Nikasikia sauti ya kikombe kuwekwa chini. Kisha Bi Tausi akasema, polepole, kila neno peke yake: "Maimuna amesema linakuja. Maimuna hasemi uongo. Ukimsema tena vile ndani ya nyumba yangu, tutavunja arusi." Nikaiacha pasi juu ya gauni langu la kazi. Liliungua likatoboka, nami nimesimama nalitazama.

Shangazi alipoondoka nikatoka uani. Bi Tausi alikuwa anabangua karanga na Mjomba Ramadhani, aliyekuja asubuhi ile na asali yake kutoka Tura. Nikapiga magoti. Nikasema yote: barua za majigambo, mpagazi wa uongo, mengine mawili, meneja, Mjerumani, ndege. Nililia, lakini nilisema yote. Bi Tausi hakuacha kubangua. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu. "Ulijua lini?"

"Barua ilikuja mwezi wa pili, mama."

Hapo mikono yake ikasimama. Akamtazama kaka yake, na kaka yake akashusha pumzi. "Mwezi wa pili," akasema Mjomba, "ungeniambia mwezi wa pili, ningekutengenezea jingine kwa siku mbili. Mti ukiwa umekunywa mvua, gamba linatoka lenyewe, unalivua kama unavyomvua mtoto shati. Sasa hivi gamba limeshikana na mti. Nikilipiga shoka litapasuka vipande vipande. Mpaka mvua nyingine." Alisema bila hasira, kama mtu anayemweleza mgeni saa ya treni. Miezi yote ile ya kujificha, mvua ilikuwa inanyesha, miti imelowa, na dawa ya ugonjwa wangu ilikuwa imesimama porini Tura inaningoja nifungue mdomo.

"Mimi sikuwa nalilia lindo," akasema Bi Tausi. "Ni gamba la mti. Ulinificha gamba la mti, Maimuna, ukaniacha mimi nakuapia mbele ya watu." Akainuka akaingia ndani. Hakuniita mwanangu.

Siku iliyofuata nilirudi kazini nikakuta chakula changu juu ya meza yangu, chumbani, sahani moja imefunikwa kwa sahani nyingine. Kilikuwa chakula kile kile, kwa wingi ule ule, hata kipande cha nyama kilikuwa kikubwa. Nje niliwasikia wanakula. Hakunitukana, hakunifukuza, salamu yangu aliiitikia marahaba kila asubuhi. Alinipa sahani yangu tu. Nilikaa kitandani nikaitazama mpaka ugali ukapoa, nikaelewa kwamba sasa nimekuwa mpangaji. Kwa miezi mitano nilikula peke yangu nimeelekea ukutani, na mpaka leo sipendi chakula kilichofunikwa sahani.

Zena alitoka siku ya arusi yake na nguo zake ndani ya sanduku langu la bati. Mimi ndiye niliyelitoa, maana sikuwa na kitu kingine. Upande wa bwana harusi walicheka wazi wazi, shangazi yule akauliza bibi arusi anakwenda kwa mume au amepata uhamisho. Zena alipita mbele yangu amejifunika, na mkono wake ukatoka ndani ya kanga ukanifinya kidole. Sijui ilikuwa ni kunisamehe au kunisuta. Sikuwahi kumwuliza.

Mvua zilirudi mwezi wa kumi na moja. Jumamosi moja Bi Tausi akasimama mlangoni kwangu, mara ya kwanza tangu Juni. "Kesho panda treni ushuke Tura. Kaka yangu anakungoja." Mjomba alinipokea stesheni na mashoka mawili, tukatembea porini kwenye tope, mimi na viatu vyangu vya ofisini, mpaka kwenye myombo aliouchagua. Akaukata mstari wa duara juu na chini, akaupasua mstari mmoja wa wima, kisha akanipa kabari ya mti. "Fanya wewe. Amesema ufanye wewe." Nilisukuma nikilia na kucheka, jasho na mvua vinachanganyika, na ghafla gamba likaachia, likatoka zima na maji yake, na harufu yake mbichi naisikia hata sasa. Kushona kulinichukua siku yangu ya kwanza na Jumapili nyingine tatu. Nyuzi zangu zilikwenda mshazari, kifuniko kikakataa kukaa sawa. Mjomba akaniambia amewahi kuona mizinga ya nyuki iliyoliwa na nyegere ikiwa na sura nzuri zaidi.

Nikambebea Bi Tausi lile lindo mikononi kutoka stesheni mpaka Cheyo. Alilizungusha, akatia kichwa ndani, akalinusa, akapitisha kidole kwenye mshono. "Linavuja mchanga," akasema. Midomo yake ikamchezacheza. Kisha akaenda jikoni, nami nikaingia chumbani kwangu kungoja sahani yangu. Ikapita muda. Nikasikia sauti kutoka uani, "We Mpwani! Unangoja nani akuletee?" Nikatoka mbio bila viatu. Sinia lilikuwa katikati ya mkeka, mlenda umejaa, naye amekaa upande mmoja ameniachia upande wangu.

Uhamisho ulinifikia mwaka mpya ulipoingia, kunirudisha Mombasa, ule niliouomba kwa barua mbili wakati wa sahani, nikausahau. Nilipokea karatasi ile kwa huzuni. Bi Tausi akalijaza lile lindo langu baya njugu na matobolwa, akaja nalo stesheni kichwani, akalipitisha dirishani yeye mwenyewe. "Hili usimpe mtu. Wala usilitume kwa vifurushi, nakujua wewe na kaunta yako. Ulilete mwenyewe."

"Nitalileta, mama."

Sikulileta. Kwanza kazi, kisha mpaka wa nchi zetu ukafungwa, ulipofunguliwa nikasema nauli, kisha magoti. Kila sababu ilikuwa ya kweli na zote pamoja zilikuwa uongo. Simu za mkononi zilipokuja, Zena alikuwa ananipigia kila Idi, na Bi Tausi anamnyang'anya simu. "Lindo langu halijambo?" Nami nacheka, "Halijambo, mama. Linakuja." Naye anauliza, "Treni ijayo?" Tunacheka wote wawili. Alikuwa anacheka kweli. Mimi nilikuwa nakata simu nikaanza kuzunguka chumba.

Leo asubuhi nimelifunua. Nimetia tende, haluwa, doti mbili za kanga na karafuu za uturi, na mchanga wa zamani wa zile njugu za Tabora umemwagika sakafuni kwenye ule mshono. Kisha nikampigia Zena nikamwambia nakuja, nalo, tiketi ninayo mkononi. Nilidhani atanisuta kwamba nimengoja mpaka nije kaburini. Nikasikia anajifuta pua.

"Mama aliacha neno," akasema. "Alisema siku ukija, tusikuwekee sahani."